KIGANGO KIPYA HUANZIA WAPI?

Kwa Jumapili iliyo jirani na Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda
Masomo ya kutafakari: Matendo ya Mitume 11:19-30 na 13:1-3



Ndugu wasikilizaji wapenzi, liko ombi linalorudi kila mwaka katika vikao vya halmashauri za parokia zetu nyingi. Huletwa na wazee wawili watatu waliotoka kwao alfajiri, viatu vyao vimejaa vumbi au tope kulingana na majira. Wakipewa nafasi husema hivi: "Huko kwetu tumekuwa wengi, na kanisa liko mbali. Masika mto ukijaa hatuvuki. Wagonjwa wetu wanakufa bila kumwona padre, na watoto wetu wanakua hawajui kusali. Tunaomba tufunguliwe kigango."

Jibu wanalopewa mara nyingi ni swali: "Mnacho kiwanja? Mmefyatua matofali mangapi?" Wazee hurudi kwao, huanza kuchanga, na mwaka wa pili au wa tatu kuta husimama hadi usawa wa madirisha. Kisha fedha huisha, mvua hunyesha, kuta humomonyoka, na watu hukata tamaa. Ukipita mahali hapo utaona magofu yameota majani, na utaambiwa kwamba hapo palikuwa pajengwe kanisa.

Swali la kiwanja na matofali ni swali halali, wala hatulidharau. Lakini si swali la kwanza. Leo, tukiwakumbuka Mashahidi wetu, twataka kutazama jinsi Kanisa lilivyoanza mahali ambapo halikuwapo, ili tujue kigango kipya huanzia wapi, nini kifuate nini, na wapi watu hujikwaa.

WATU WASIO NA MAJINA

Tuanze Antiokia. Baada ya Stefano kuuawa kwa mawe, waamini wa Yerusalemu walitawanyika kwa hofu ya mateso. Baadhi walikimbilia Foinike, wengine Kipro, wengine Antiokia, uliokuwa mmoja wa miji mikubwa kabisa katika dola la Kirumi. Hawakutumwa na mtu kwenda kufungua kanisa. Walikuwa wakimbizi. Kila walipofika walizungumza na Wayahudi wenzao habari za Yesu, lakini hawakuthubutu kuwaambia wengine. Ndipo watu fulani wa Kipro na Kurene walipothubutu kusema na Wagiriki pia, na wengi wakaamini.

Hao watu fulani ni akina nani? Mtakatifu Luka, ambaye hutaja majina mengi katika kitabu chake, hapa hataji hata moja. Kanisa la Antiokia, lililomtuma Paulo katika safari zake, lilianzishwa na watu ambao majina yao yanajulikana kwa Mungu peke yake. Hawakuwa mitume wala mashemasi. Kilichowawezesha ni jambo moja: walikuwa wamekulia ugenini, kati ya watu wasemao Kigiriki, wakajua namna ya kuzungumza nao. Waliwafahamu majirani zao kabla ya kuwahubiria.

Lakini habari haikuishia hapo. Kanisa la Yerusalemu liliposikia, lilimtuma Barnaba akaone. Angaliweza kufika na ukali, akauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Alifika, akaiona kazi ya Mungu, akafurahi, akawatia moyo. Kisha, alipoona kazi inamzidi, alifunga safari mpaka Tarso kumtafuta Saulo, wakakaa wote wawili Antiokia mwaka mzima wakifundisha. Njaa ilipotabiriwa, kanisa hilo changa likachanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, likapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Na baadaye, lilipokuwa limepata walimu wazuri, likawatoa Barnaba na Saulo, likawawekea mikono, likawatuma kwingine.

Basi hapo, wapendwa, mna ramani kamili. Wanaoanza ni waamini wa kawaida wanaowajua watu wa mahali. Kanisa mama hutuma mtu wa kuona na kutia moyo. Mafundisho huchukua muda, tena muda mrefu. Kanisa changa hujifunza kutoa lingali changa. Na mwisho, lililotumiwa watu nalo hutuma watu. Hakuna mahali popote katika sura hizo panapotajwa jengo.

Mji huo sasa huitwa Antakya, nao umo katika nchi ya Uturuki. Mwezi Februari 2023 tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha karibu wote, na makanisa yake ya mawe yakaanguka pamoja na nyumba za watu. Lakini jina la Wakristo, ambalo wanafunzi wa Yesu walipewa kwa mara ya kwanza katika mji huo, halikuanguka, kwa maana halikuwa limejengwa kwa mawe.

NYUMBA TATU ZA MITYANA

Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya Mitume, zamani zao si zetu. Basi tuje karibu na kwetu. Wamisionari wa Afrika, ambao tumezoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwezi Februari 1879, na mwaka uliofuata wakawabatiza waongofu wa kwanza. Lakini mwezi Novemba 1882, kwa sababu ya hatari zilizowazunguka, walifunga virago wakavuka ziwa kwenda kusini. Hawakurudi mpaka katikati ya mwaka 1885. Kwa muda wa miaka miwili na nusu na zaidi hapakuwa na padre hata mmoja Buganda, wala Misa.

Je, Kanisa lilikufa? Lilikua. Na mojawapo ya mahali lilipokua ni Mityana, katika jimbo la Ssingo, yapata kilomita sabini magharibi ya mji mkuu wa Kabaka. Huko waliishi watu watatu wanaostahili kukumbukwa na kila katekista.

Wa kwanza ni Matia Kalemba, aliyeitwa Mulumba kwa sababu ya cheo chake katika utumishi wa mkuu wa Ssingo. Alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto pamoja na mama yake, akalelewa Buganda. Katika kumtafuta Mungu alipitia Uislamu, akapitia mafundisho ya Waprotestanti, hatimaye akabatizwa mwezi Mei 1882, miezi michache tu kabla ya mapadre kuondoka. Wa pili ni Luka Banabakintu, aliyebatizwa siku moja naye. Wa tatu ni Noe Mawaggali, mfinyanzi, fundi wa vyungu vya mkuu wa jimbo.

Watu hao hawakungoja. Nyumba zao ndizo zilizokuwa kanisa. Humo walisali, humo walifundisha, humo waliwapokea wagonjwa na maskini. Mapadre waliporudi, waamini wa Mityana walipokezana kusafiri kwa miguu mwendo ule mrefu ili kusikiliza Misa na mafundisho, kisha wakarudi kuwasimulia wenzao waliobaki. Mateso yalipozuka mwaka 1886 inasimuliwa kwamba jumuiya ile ilikuwa na watu wapatao mia mbili, waliobatizwa na waliokuwa wakijiandaa.

Twajua yaliyofuata. Matia alikamatwa, akakatwakatwa viungo akiwa njiani kwenda kuuawa, akaachwa peke yake porini mpaka alipokata roho. Luka alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Noe alikuwa amebaki Mityana kuwaangalia waamini. Askari walipokuja alitoka mwenyewe kuwakabili, akauawa tarehe 31 Mei. Dada yake, Munaku, alijitokeza mbele ya askari hao akitaka kufa kwa ajili ya dini aliyofundishwa na kaka yake. Hawakumuua, walimchukua mateka. Alikombolewa, akabatizwa kwa jina la Maria Matilda mwaka ule ule, akaishi bila kuolewa akimtumikia Mungu mpaka alipofariki mwaka 1934.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, na watatu hawa wa Mityana wamo. Naye alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba wakati umefika wa wao kuwa wamisionari wao kwa wao. Kwa kweli watu wa Mityana walikuwa wamekwisha kufanya hivyo miaka 80 na zaidi kabla ya yeye kusema.

Twaweza kulinganisha na mwanzo wa Kanisa huku pwani. Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, walianza na watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto. Waliwapa makao, shule, mashamba, na waliokuwa wakubwa wakaoana, wakakaa katika kijiji cha Wakristo. Ilikuwa kazi ya huruma kubwa, wala hatuna haki ya kuidharau. Lakini kijiji kile kilikaa upande wake, na watu wa mji na wa vijiji vya jirani walikaa upande wao. Wengi walipita karibu na misioni miaka mingi bila kuguswa nayo. Injili ilipoanza kuingia bara, kama Mhonda mwaka 1877, ilisaidiwa na jamaa za Wakristo waliotoka Bagamoyo wakaenda kukaa kati ya wenyeji. Kanisa lililozungukwa na ua hutunza waliomo ndani. Anayetaka kuwafikia walio nje hana budi kwenda kuishi nao.

SWALI LA KWANZA

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, swali la kwanza la kigango kipya ni hili: huko mnakotaka kanisa, ni nani anayesali na nani sasa hivi, na nyumbani kwa nani? Likipata jibu, mengine yatafuata. Likikosa jibu, hata tukijenga kwa saruji na mabati mapya, tutakuwa tumejenga ghala.

Maaskofu wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki, katika umoja wao uitwao AMECEA, waliliona jambo hili mapema. Katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 waliamua kwamba maisha ya Kanisa letu yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na mwaka 1979 huko Zomba, Malawi, wakatazama jinsi uamuzi huo ulivyotekelezwa. Maana ya uamuzi huo ni kwamba Mkristo asiwe mtu wa Jumapili tu, bali awe na majirani wanaojua kama ameamka salama.

Sasa tutazame mwendo wenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza ni kutembea na kusikiliza. Kabla ya kutangaza lolote, katekista na waamini wawili au watatu wa mahali hapo wapite nyumba kwa nyumba. Waende kusikiliza, wasihesabu wachangiaji. Watakuta wazee waliobatizwa zamani ambao miguu haiwafikishi tena kanisani. Watakuta waliofunga ndoa za kimila na wanaogopa kwamba Kanisa litawafukuza. Watakuta mama mjane ambaye hakuna aliyekwenda kumpa pole. Watakuta waliohamia madhehebu mengine, na wakiuliza sababu, mara nyingi hawataambiwa habari ya mafundisho. Wataambiwa: "Nilipougua, hao ndio waliokuja." Neno hilo likae moyoni mwetu. Wafike pia kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee wa mahali, kwa heshima, kwa maana hodi hupigwa kabla ya kuingia.

Pili ni kukusanyika majumbani. Wakipatikana watu wa nyumba tano au sita, inatosha. Wakutane mara moja kwa juma, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ili isiwe jumuiya ya mtu mmoja. Wasome Injili ya Jumapili. Parokia nyingi hutumia njia ya hatua saba iliyotoka katika taasisi ya Lumko, Afrika ya Kusini, ambayo hata asiyejua kusoma aweza kushiriki, kwa kuwa kiini chake ni kusikiliza Neno, kunyamaza mbele yake, kushirikishana na kupanga tendo moja la kufanya. Tendo hilo ndilo kipimo. Jumuiya inayosoma Injili lakini haimlimii mgonjwa shamba lake bado haijaisikia Injili.

Tatu ni ibada ya Jumapili. Jumuiya ikikomaa, Paroko aweza kuruhusu wakusanyike kila Jumapili mahali pamoja, iwe chini ya mwembe au katika darasa la shule, hata kama padre hafiki. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, zinahimiza waamini washiriki ibada ya Neno la Mungu wanapokosa Misa kwa sababu ya kukosa padre, na mwaka 1988 Roma ilitoa mwongozo maalumu kwa ajili ya ibada za namna hiyo. Lakini tufahamu vema: ibada hiyo si Misa. Hutufanya tuione njaa ya Ekaristi Takatifu, tuiombee miito, tumsubiri padre kwa hamu. Katekista asivae wala kutenda kama padre, na waamini wasimwombe afanye hivyo.

Nne ni mafundisho. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, aliagiza kwamba mtu mzima ajiandae muda wa miaka minne kabla ya kubatizwa. Wengine walinung'unika kwamba muda ni mrefu mno. Lakini waliofundwa kwa uvumilivu ndio waliosimama mbele ya moto. Kanisa lilirudisha utaratibu kamili wa ukatekumeni katika kitabu cha ibada cha mwaka 1972, kwa ngazi zake na adhimisho la kila ngazi. Tusiharakishe wakatekumeni ili tupate hesabu nzuri ya kumsomea Askofu siku ya ziara. Aliyeingia mbio hutoka mbio.

Tano, sasa, ni kiwanja na jengo. Hapa pana mambo mawili ambayo wengi huyapuuza, kisha hulia. La kwanza ni ruhusa. Kanuni ya 1215 inasema kwamba kanisa lisijengwe bila idhini ya Askofu wa jimbo, tena kwa maandishi, naye huitoa akiisha kuwasikiliza washauri wake na wakuu wa makanisa ya jirani, na kuridhika kwamba litafaa kwa wokovu wa watu na kwamba njia za kulijenga na kuendesha ibada hazitakosekana. Utaratibu huo haukuwekwa ili kuwachelewesha watu. Umewekwa ili kuwakinga na yale magofu tuliyoyataja mwanzoni.

La pili ni hati. Mzee mwema husimama mbele ya watu akasema, "Hapa nimewapa kanisa." Watu hupiga vigelegele, hawaandiki kitu. Mzee hufariki, wanawe hurudi kutoka mjini, na kesi huanza. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, na ugawaji wake huhitaji kibali cha Mkutano wa Kijiji. Basi yaandikwe yote: muhtasari wa mkutano, mipaka, majina ya mashahidi na sahihi za familia inayotoa. Na umiliki uwe kwa jina la wadhamini wa jimbo waliosajiliwa, usiwe kwa jina la katekista, wala la mwenyekiti wa kigango, wala la padre.

WAPI WATU HUJIKWAA

Wapendwa, vigango vingine huzaliwa vikiwa na ugonjwa. Tutaje magonjwa matatu.

Ugonjwa wa kwanza ni kuzaliwa kwa hasira. Watu wamegombana juu ya uongozi wa kwaya, au juu ya hesabu za mavuno, na wale walioshindwa katika uchaguzi husema, "Basi tutajitenga, tufungue chetu." Umbali wanaousema si wa njia. Ni wa mioyo. Kigango cha namna hiyo hakiendi kuwatafuta watu wasioijua Injili. Huenda kuwakusanya walionuna. Paroko mwenye busara huwaambia wapatane kwanza, kisha wakae mwaka mmoja kwa amani, kisha waje tena. Ikiwa haja ya watu ni ya kweli, itakuwapo bado. Ikiwa ilikuwa hasira, itakuwa imepoa.

Ugonjwa wa pili ni kigango cha ukoo. Kiwanja ni cha ukoo fulani, mwenyekiti ni wa ukoo huo, mhazini ni shemeji, na katekista ni mjomba. Hao wote waweza kuwa watu wazuri. Lakini mgeni aliyehamia akitafuta shamba atajuaje kwamba na yeye anakaribishwa? Antiokia walikuwapo Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Mweusi, Lukio wa Kurene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Saulo wa Tarso. Watu hao wa asili mbalimbali walisali pamoja, na Roho Mtakatifu akasema nao. Viongozi wachaguliwe na jumuiya zote, kwa muda maalumu, na hesabu zisomwe hadharani.

Ugonjwa wa tatu twausema kwa uchungu, nao ni kumwachia katekista kila kitu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi ya kimisionari iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, uliwasifu makatekista kwa kazi yao ya lazima katika kueneza imani, tena ukataka wanaojitoa moja kwa moja kwa kazi hiyo wapewe riziki ya haki. Lakini hali ilivyo sote twaijua. Jumapili anaongoza ibada. Jumatatu anafundisha kipaimara. Jumatano anazika. Alhamisi anaitwa kupatanisha mume na mke. Ijumaa yuko njiani kwenda parokiani kwa kikao. Shamba lake analilima nani? Mke wake analima peke yake, na wanawe wanarudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Halafu siku moja anaacha kazi, nasi twasema amepoteza wito.

Ndugu waamini, kabla ya kuomba kigango, jiulizeni: tutamtunza vipi katekista wetu? Si lazima iwe fedha. Jumuiya nne zikigawana majuma manne ya mwezi, kila moja ikatoa siku moja ya kulima shamba lake, msimu hautampita. Mkono mmoja haulei mwana. Na kanuni ya 861 inamruhusu katekista kubatiza pale padre au shemasi asipokuwapo au anapozuiliwa. Ikiwa twamwamini kwa sakramenti hiyo kuu ya kuwaingiza watoto wetu katika uzima, vipi tumnyime debe la mahindi?

Kuhusu majirani zetu wasio Wakristo, Waislamu na wale wanaofuata dini ya jadi, neno letu ni fupi. Kigango kipya kisiwe tangazo la vita. Tusijenge mlangoni pa msikiti tukiwa na vipaza sauti. Msiba wao uwe msiba wetu, na kisima tukichimba kiwe cha wote. Matia Mulumba alimtafuta Mungu kwa miaka mingi katika njia kadhaa kabla ya kubatizwa. Mtu anayemtafuta Mungu kwa unyofu astahili heshima yetu katika kila hatua ya njia yake.

KISHA KUTUMA TENA

Kanisa likimalizika, Askofu hulibariki au hulitabaruku, nalo hupewa jina la somo wake. Kwa kanisa lililotabarukiwa jina hilo halibadilishwi tena, kwa hiyo lichaguliwe kwa sala, na historia ya mtakatifu huyo ifundishwe kwa watoto. Huenda siku za usoni kigango kitakuwa parokia, kwa uamuzi wa Askofu peke yake akiisha kulisikiliza Baraza lake la Mapadre. Huenda pia kisiwe parokia kamwe. Hilo lisiwatie huzuni. Nyumba za Mityana hazikuwa parokia, na zimewazaa watakatifu.

Alama ya kwamba kigango kimekomaa ni nyingine. Ni siku ile ambapo waamini wake, bila kuambiwa na mtu, wanatazama ng'ambo ya kilima kinachofuata na kuuliza: "Na wale je, nani anasali nao?" Wakiisha kuuliza hivyo, wawachague wawili walio bora, kama Antiokia walivyowatoa Barnaba na Saulo, wasiwatume wale wasiowahitaji. Wawasindikize mpaka mtoni. Na wale wawili wavuke, wakabishe hodi katika nyumba ya kwanza watakayoikuta.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyewatumia wakimbizi wasio na majina kulipanda Kanisa lako Antiokia, na mfinyanzi wa vyungu kulichunga Mityana, utazame vijiji vyetu visivyo na padre wala nyumba ya sala. Uwaamshe humo watu wa kufungua milango yao. Uwatie nguvu makatekista wetu na uwape jumuiya zinazowajali. Utuepushe na vigango vya hasira na vya majivuno. Kwa maombezi ya Mtakatifu Matia, Mtakatifu Luka, Mtakatifu Noe na Mashahidi wote wa Uganda, kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni nyumba zipi katika eneo letu ambazo hakuna mwanajumuiya aliyezitembelea mwaka huu? Nani ataanza, na lini?
2. Katekista wetu anatunzwa namna gani? Jumuiya yetu itabeba sehemu gani?
3. Je, kiwanja cha kanisa letu kina maandishi? Yamehifadhiwa wapi, na kwa jina la nani?
4. Ng'ambo ya mpaka wa kigango chetu ni nani wasio na mtu wa kusali nao?